Uwanja wa Kijiji Una Wachezaji, Hauna Mwenyewe

Ukishika barabara ya Morogoro kutoka Dodoma mjini ukapita Buigiri na Chinangali, au ukaamua kwenda na ya Iringa kupitia Mlowa na Fufu mpaka Mtera, ni nadra kupita kijiji kisicho na uwanja wa mpira. Magoli ni miti miwili na mmoja wa kukingama, pengine mabomba yaliyochomelewa na fundi wa hapo hapo. Nyavu hakuna. Mbigili zipo za kutosha kuumaliza mpira mpya kabla mwezi haujaisha. Wachezaji wanajaa kila jioni. Sasa uliza uwanja ni wa nani. Mwenyekiti atasema wa kijiji. Mwalimu mkuu atasema wa shule. Mzee anayelima karanga pembeni atakwambia pale palikuwa shamba la marehemu baba yake, walipatana tu kwa maneno vijana wachezee. Wote watatu wanasema wanachokijua, na karatasi ya kuwaamua haipo.

Naanzia hapo kwa sababu wito tunaousikia kila kukicha ni kwamba wadau washirikiane kuwasaidia vijana wa vijijini: halmashauri, mashirika, makanisa na misikiti, polisi, wazazi. Sina ugomvi na wito huo. Ninachokiona ni kwamba watu wanaitwa kushirikiana kabla hakijapatikana kitu cha kushirikiana. Uwanja usio na mwenyewe hauwezi kuendeshwa kwa pamoja. Ukumbi ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyesafiri nao hauwezi. Doria ya usiku ambayo hakuna anayejua nani ananunua betri za tochi nayo haiwezi. Huduma za vijana katika vijiji vyetu hufa kwa kukosa mwenyewe kabla hazijafa kwa kukosa fedha, na ushirikiano wowote utakaoanza kwa kutafuta mfadhili badala ya kutafuta mwenyewe utaishia kwenye picha ya pamoja na chakula cha mchana.

Linganisha na maji, katika kijiji hicho hicho. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, maji ya kijiji yana chombo cha watumia maji kinachotambulika, kile ambacho wengi bado wanakiita kamati ya maji. Kina viongozi na akaunti ya benki. Ndoo ina bei, kituo kina mtu wa kufungua na kufunga, na pampu ikifa wananchi wanajua mlango wa kugonga na mtu wa kumfokea. Sisemi maji yanatoka kila siku. Nikisema hivyo mbele ya watu wa wilaya ya Bahi watanicheka. Nasema lawama ina anwani. Kwa vijana lawama haina anwani, ndiyo maana inawarudia wao wenyewe: hawajitumi, wamekaa kijiweni, wanangoja kuletewa.

Tena kisheria mlango upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji iweke daftari la ardhi ya jumuiya, yaani maeneo ambayo mkutano mkuu umekubali yatumike na wote. Malisho huandikwa humo, makaburi huandikwa. Uwanja wa mpira nao unaweza kuandikwa, na ukishaandikwa hakuna mwenyekiti anayeweza kuukata viwanja kimyakimya kwa sababu tu amepata mteja kutoka mjini. Hili si jambo la kufikirika kwa mkoa huu. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dodoma na watu 2,083,588. Ya 2022 ikawakuta 3,085,625. Ni watu milioni moja zaidi katika miaka kumi, na katikati ya miaka hiyo Serikali ikahamia, mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ikaanza kuchongwa, na baadaye, 2024, treni ya reli ya kisasa, SGR, ikafika. Ardhi iliyokuwa inagawiwa kwa soda mbili leo ina madalali. Eneo tupu lisilo na karatasi, ambalo wanaolitumia ni watoto na vijana wasiohudhuria mikutano, ndilo la kwanza kumezwa.

Na kweli hawahudhurii. Nimekaa kwenye mikutano mikuu ya vijiji ya kutosha kuijua sura yake. Wazee wako mbele kwenye viti vilivyotolewa shuleni, akina mama wamekaa chini kwenye khanga, mtendaji wa kijiji ana meza na karatasi ya mahudhurio. Vijana wako umbali wa mita ishirini hivi, juu ya pikipiki zao, injini zimezimwa lakini funguo hazijatolewa. Wanasikia kila kitu. Karatasi ya mahudhurio haiwafikii, kwa hiyo kwa mujibu wa muhtasari hawakuwepo. Ikifika hoja ya mchango wa kujenga choo cha zahanati, mjumbe mmoja huwageukia na kuwapigia kelele: "Nyie vijana, kesho saa moja msaragambo, mje na majembe!" Hapo wanaonekana vizuri sana.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wana sehemu yao waliyohakikishiwa. Kijana hana. Kugombea lazima uwe umetimiza miaka 21, ingawa kupiga kura ni kuanzia 18. Halmashauri hiyo ina kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Kijana akiingizwa kwenye kamati, nenda kaangalie ni ipi. Ni ya ulinzi na usalama, kwa sababu ana miguu ya kukimbiza mwizi. Kwenye ile ya fedha, ambako inaamuliwa kama kodi ya eneo la mnara wa simu itanunua saruji au itanunua taa ya sola ya pale uwanjani, hayupo.

Tabia hii ya kumwona kijana kama mikono imerithiwa, na imerithiwa hapa hapa. Dodoma ndiko Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilikofanywa mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliobeba matofali walikuwa vijana. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na vijana walioonekana hawana kazi mijini wakakusanywa kurudishwa mashambani. Swali la dola kwa kijana kwa miaka mingi limekuwa moja: tumweke wapi? Mipango ya siku hizi ina lugha laini zaidi na mingine ina nia njema kabisa. Mradi wa Jenga Kesho Iliyo Bora, ule wanaouita BBT, ulizinduliwa hapa Chinangali Machi 2023 ukiwa na mashamba makubwa, umwagiliaji na vijana waliochaguliwa kutoka mikoa mbalimbali. Ni jambo kubwa. Lakini kijana wa kijiji cha jirani ambaye hakuchaguliwa bado anarudi jioni kwenye uwanja ule ule wa mbigili, na pia anastahili kufikiriwa.

Tuje kwenye usalama, maana hapo ndipo wadau wengi hupenda kuanzia.

Kituo cha polisi kwa kawaida kiko makao makuu ya kata au tarafa, na kutoka kitongoji cha mbali ni mwendo. Kwa hiyo usiku wa kijiji unalindwa na mgambo na vijana wa ulinzi shirikishi, wenye filimbi, rungu na tochi, kwa mchango wa kila kaya. Mpango huu una mizizi kwenye sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe, za Usukumani na Unyamwezini za miaka ya 1980, na pale unapofanya kazi unafanya kazi kweli: mbuzi hawaibwi ovyo. Ila una kasoro ambayo haisemwi. Kijana yule yule anayelinda Jumatatu ndiye anayekamatwa Jumatano kwenye msako wa wazururaji, kwa kukaa nje ya duka saa nne usiku. Hakuna aliyeandika doria inaanza saa ngapi, nani ana mamlaka ya kumsimamisha nani, na faini inayotozwa inaingia kwenye stakabadhi ipi. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, zikapita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Nyingi nilizoziona zinahusu mifugo kuingia shambani. Doria inaachiwa busara ya anayeiongoza usiku huo, na busara ya saa nane usiku yenye rungu mkononi siiamini sana.

Kuna kundi ambalo kila kikao cha usalama hulitaja kama tatizo, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye mpangilio kuliko taasisi nyingi za kijiji: bodaboda. Kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti na katibu, kina orodha ya wanachama na mchango wa msiba usiochelewa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, simu inayopigwa kwanza ni ya bodaboda. Wao ndio wanaojua gari geni limeingia kijijini saa ngapi na limeondoka na nini. Ukitaka ushirikiano wa usalama wenye macho, anza na watu hawa kwa barua rasmi na kiti kwenye kamati. Wasiitwe tu siku ya kusomewa makosa yao.

Nasema hivyo nikijua upande wa pili wa bodaboda huyo huyo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu tukisema "vijana" kwenye vikao hivi tunakuwa tunasema wavulana. Uwanja ni wa wavulana, kijiwe ni cha wavulana, doria ni ya wavulana. Msichana wa kijijini tunamkuta wapi? Mara nyingi yuko gheto.

Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, shule ilisogea lakini haikufika kila kijiji. Katika nchi hii ya kati yenye vijiji vilivyotawanyika, msichana wa kidato cha pili anaweza kutembea saa mbili kwenda na mbili kurudi. Wazazi wanampangishia chumba karibu na shule, na hicho ndicho gheto. Ingia uone: wasichana watatu, mlango wa bati wenye komeo la nje lakini kwa ndani unafungwa kwa kamba, madumu mawili, kiroba cha unga wa uwele walichokuja nacho Jumapili, daftari limekaa juu ya ndoo. Unga unaisha Alhamisi. Mwenye nyumba anaishi kwingine. Kijana mwenye pikipiki anayewasaidia lifti "ya bure" na chipsi za siku ya mnada anajua unga unaisha Alhamisi.

Kwa jambo hili tunazo kamati. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, uliotekelezwa kuanzia 2017/18, ulitaka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kijiji. Na Dodoma haikuwa na ruhusa ya kulegea: utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 uliukuta mkoa huu na wanawake 47 kati ya kila 100 waliokeketwa. Lakini muulize mjumbe wa kamati hiyo magheto mangapi yako kijijini kwake na nani anaishi humo. Orodha hiyo haina gharama yoyote. Ni daftari moja na siku mbili za kuzunguka. Mwenye nyumba anaweza kuambiwa na serikali ya kijiji kwamba chumba cha mwanafunzi lazima kiwe na komeo la ndani, la sivyo hapangishi. Mwalimu mlezi, mwenyekiti wa kitongoji na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda wakikaa pamoja mara moja kwa mwezi juu ya orodha hiyo, huo ni ushirikiano zaidi ya kongamano la siku tatu mjini. Bweni ni jibu zuri zaidi, bila shaka. Bweni litajengwa kwa miaka mitatu kama fedha zitakuja. Kamba iko mlangoni usiku wa leo.

Utaona sipendekezi kamati mpya. Kijiji kina hizo tatu za kisheria, kina kamati ya shule, ya zahanati, ya maji, ya TASAF, ule mfuko wa maendeleo ya jamii, mahali ulipo mpango, na hiyo ya MTAKUWWA. Wajumbe ni walewale: mzee mmoja mstaafu, mama wa kwaya, mwalimu, mwenyekiti mstaafu na mtu mwenye duka. Mdau akija na "kamati ya vijana" anapewa watu hao hao pamoja na kijana mmoja wa kuchukua picha. Inatosha kamati ya huduma za jamii iwe na ajenda ya vijana ya kudumu, na vijana wawili, mvulana na msichana, waingie humo na kupiga kura.

Fedha? Tuziongelee, maana najua mtu ameshaanza kunusa kipengele hiki tangu mwanzo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya biashara. Ilisimamishwa 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudishwa kwa utaratibu mwingine. Ni fedha muhimu, lakini haikuwekwa kwa ajili ya kumlipa mtu wa kufungua ukumbi wala kununua nyavu, na kuitaja kila mara vijana wanapoulizia huduma ni kuwajibu swali ambalo hawakuuliza.

Fedha ya kuendeshea ukumbi ipo kijijini, ila inapita njia nyingine. Siku ya Simba na Yanga nenda kwenye kibanda umiza, pale wanapoonyesha mpira kwenye runinga, uhesabu vichwa. Kila kichwa kimelipa kiingilio. Pembeni kuna meza ya pool, kila mchezo na malipo yake, na kuna simu zinazozunguka na mikeka ya kubeti. Vijana hawa tunaosema hawana kitu wanamlipa mtu mmoja mwenye dekoda, jenereta na mabenchi sita. Mtu huyo simlaumu. Ameona huduma iliyokosekana akaiweka. Nalishangaa jengo la ofisi ya kijiji lenye ukumbi, umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika, limefungwa kuanzia saa tisa alasiri. Dekoda ya kijiji, kiingilio cha chini, kijana mmoja anayelipwa kutokana na makusanyo hayo kushika ufunguo na kufagia, na siku zisizo na mechi ukumbi ukawa pa kusomea kwa wale wa magheto. Hesabu hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mtendaji akubali kuachia ufunguo, na hilo, kwa waliowahi kufanya kazi na watendaji, wanajua si dogo. Ndani ya ukumbi kuna kabati la nyaraka, kuna saruji ya mradi, na jambo likipotea anayeulizwa ni yeye. Hofu yake ni ya haki. Basi kabati lihamishwe na makabidhiano yaandikwe.

Atakayesema vijana hawaaminiki na mali aende kanisani Jumamosi jioni akaangalie mazoezi ya kwaya. Katika vijiji vingi vya Ugogo kinanda, spika na betri ya sola viko mikononi mwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Kuna mtunza vyombo, kuna daftari, kuna faini ya kuchelewa, kuna mlezi mzee anayeheshimika lakini hapigi kinanda. Vikundi vya ngoma vya Chamwino navyo vimeishi hivyo kwa vizazi, wazee na vijana kwenye mduara mmoja, muheme ukipigwa na akina mama. Kwa hiyo ujuzi wa kumiliki kitu kwa pamoja upo. Haujaitwa tu kwenye ofisi ya kijiji.

Wanasiasa nao wana sehemu yao, na nitawapitia haraka. Kila uchaguzi ukikaribia kunakuwa na kombe: jezi seti mbili, mshindi wa kwanza ng'ombe, wa tatu mbuzi. Ni furaha, hata mimi huenda. Lakini seti ya jezi ni zawadi, haina matengenezo wala mwaka wa pili. Ningefurahi kuona diwani mmoja akisimama siku ya fainali, badala ya mbuzi akatoa nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu ulioandika uwanja ule kwenye daftari la ardhi ya jumuiya. Asingepigiwa makofi mengi, najua.

Mwisho kuna suala la majira, ambalo wapanga mipango wa mjini hulisahau. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Vipaumbele vya vijiji kwa bajeti ijayo hukusanywa mwishoni mwa mwaka, wakati ule ule kijana anaandaa shamba na kuvizia mvua ya kwanza. Kikao cha Januari kinamkuta kwenye palizi. Kuanzia Juni uwele na alizeti vikishaingia ndani, ana nafasi na ana fedha kidogo, na kabla ya Agosti wengi wameshapanda basi kwenda Dar, Morogoro au kubeba zege hapa jijini. Dirisha la kumpata kijana wa kijiji cha Dodoma akiwa ametulia ni wiki chache za katikati ya mwaka, na zinaangukia mwanzo wa mwaka wa fedha, Julai. Sheria inataka mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Wa Julai ufanyike jioni, jua likiwa limepoa, ufanyike pale pale uwanjani, na karatasi ya mahudhurio ianze kuzungushwa kwenye pikipiki. Ajenda ya kwanza iwe ni mwalimu mkuu, mwenyekiti na yule mzee wa karanga kukubaliana mpaka uko wapi.